Chujio la Jumbe Zisizoombwa: Namna Linavyofanya Kazi na Namna Mtumiaji Anavyoliboresha

Mtumiaji wa simu anayeishi Kabanga, Rulenge au Nyakanazi hupokea jumbe za aina nyingi kwa siku moja: salamu za ndugu, taarifa ya malipo, tangazo la bahati nasibu, na pengine ujumbe wa mtu asiyemfahamu unaomtaka atume fedha. Jumbe mbili za mwisho zina sifa moja inayofanana, nayo ni kwamba hakuziomba. Katika makala haya tunaeleza jumbe za namna hiyo hutambuliwaje na mitambo, kwa nini mitambo hiyo hukosea, na ni kwa jinsi gani taarifa ya mtumiaji mmoja humsaidia mwingine asiyemjua.

Ujumbe usioombwa ni nini

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inagusa jumbe za kielektroniki ambazo mpokeaji hakuziomba. Inakataza kuzianzisha au kuzisambaza kwa nia ya kutenda kosa, na pia kughushi taarifa zinazomtambulisha mtumaji. Kwa hiyo ni vema mtumiaji atofautishe mambo mawili. Lipo tangazo la biashara lisiloombwa, ambalo kero yake ni usumbufu. Upo pia ujumbe wa utapeli, ambao lengo lake ni kuchukua mali ya mtu kwa hila. La kwanza humaliza subira, la pili humaliza akiba.

Kero hii si mpya. Tarehe 3 Mei 1978, afisa masoko wa kampuni moja ya kompyuta nchini Marekani aliwatumia mamia ya watu tangazo lilelile kwa barua pepe bila kuwaomba ridhaa. Tangu siku hiyo kila njia mpya ya mawasiliano imefuatwa na watumaji wa namna hiyo, kwa sababu moja ya kiuchumi: kutuma ujumbe mmoja zaidi hakumgharimu mtumaji karibu chochote, ilhali akijibu mtu mmoja tu kati ya maelfu, faida imepatikana.

Kwa nini tunazitaja Ngara na Biharamulo

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Kagera zina mazingira yanayoifanya kazi ya kuchuja jumbe kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ngara inapakana na Rwanda kwa upande wa Rusumo na Burundi kwa upande wa Kabanga. Nyakanazi, iliyopo Biharamulo, ni njiapanda ya barabara ziendazo Kigoma, Kahama na mpakani. Wakazi wengi huuza maharage, mahindi, ndizi na kahawa kwa wanunuzi wa mbali, na mapatano ya biashara hizo hufanywa kwa simu. Ujumbe kutoka namba usiyoijua, wenye kiasi cha fedha na namba ya kutumia, ni jambo la kawaida kabisa katika maisha ya mfanyabiashara wa huku.

Tazama jumbe hizi mbili tulizozitunga kwa ajili ya mfano:

Wa kwanza: “Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo. Jina litakuja la mke wangu.”

Wa pili: “Maharage yamefika salama. Hela tuma kwenye namba hii, simu yangu imezima chaji. Jina litakuja la mke wangu.”

Wa kwanza unafuata mtindo wa matapeli unaojulikana nchini kote. Mtumaji haujui undani wako. Anabahatisha tu kwamba miongoni mwa maelfu ya wapokeaji, wapo wanaodaiwa kodi ya nyumba, ada au bei ya mzigo siku hiyo. Wa pili unaweza kuwa wa kweli kabisa, kutoka kwa dereva aliyepeleka gunia zako sokoni. Maneno yao yanakaribiana mno. Chujio linalozuia wa kwanza laweza kuzuia na wa pili, na mkulima akakosa mawasiliano ya biashara yake. Linaloruhusu wa pili laweza kuruhusu na wa kwanza.

Chujio linavyopima ujumbe

Machujio ya awali yalitegemea orodha. Mtaalamu aliandika maneno mabaya na namba mbaya, na ujumbe uliokuwa na kimojawapo ulizuiwa. Udhaifu wa njia hii ni dhahiri: tapeli hubadili neno moja au kadi ya simu, na orodha inakuwa imepitwa.

Njia iliyoleta mabadiliko makubwa ni ile ya kupima uwezekano kwa kuhesabu maneno. Msingi wake ni kanuni ya hisabati iliyoachwa na Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza, ambayo ilichapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake. Mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walionesha kuwa kanuni hiyo yaweza kuchuja barua pepe, na mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham aliandika insha iliyoieneza njia hiyo kwa waundaji wengi wa programu. Hadi leo, hata pale panapotumika mbinu mpya zaidi, wazo la msingi ni lilelile: chujio halifundishwi kanuni, bali hufundishwa kwa mifano.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Tuna jumbe 200 zilizokwisha kuainishwa na watu: 100 za utapeli na 100 halali. Neno “namba” limeonekana katika jumbe 60 za utapeli na 30 halali. Hivyo uwepo wake huongeza shaka mara 2. Neno “jina” limeonekana katika 50 za utapeli na 5 halali. Hilo huongeza shaka mara 10. Ujumbe wenye maneno yote mawili huwa na uzito wa shaka wa mara 20, yaani 2 mara 10. Lakini kama neno “maharage” limeonekana katika jumbe 2 za utapeli na 20 halali, uwepo wake hugawanya shaka kwa 10, nayo hushuka kutoka 20 hadi 2. Ndiyo maana ule ujumbe wa pili una nafasi ya kupita: neno moja la kazi ya mkulima limemtetea mtumaji.

Hata hivyo, uzito wa mara 20 si sawa na uhakika. Ikiwa kati ya kila jumbe 20 unazopokea ni 1 tu ya utapeli, basi kabla ya kusoma neno lolote shaka ilikuwa 1 dhidi ya 19. Ukiizidisha mara 20, unapata 20 dhidi ya 19, yaani takriban nusu kwa nusu. Hesabu hii ndogo inaeleza kwa nini chujio lililoundwa kwa uangalifu haliufuti ujumbe kwa kuona maneno mawili ya kutia shaka, bali huuweka kando ili mwenyewe aamue.

Zaidi ya maneno, mitambo huangalia mwenendo. Je, namba hii imetuma ujumbe uleule kwa mamia ya watu ndani ya muda mfupi? Je, wapokeaji hao wana uhusiano wowote nayo? Je, ujumbe una kiungo cha kubofya? Ndugu yako hakutumii salamu wewe pamoja na watu mia tano wasiofahamiana. Mwenendo ni ushahidi mgumu kuuficha kuliko maneno.

Makosa ya aina mbili

Mtumiaji anapoelezwa kuwa programu fulani “inakamata asilimia 90 ya jumbe za utapeli”, ni vema aulize swali la pili: je, inazuia jumbe halali ngapi?

Chukua jumbe 1,000, ambazo kati yake 50 ni za utapeli na 950 ni halali. Chujio linakamata 45 kati ya zile 50. Hiyo ndiyo asilimia 90 inayotangazwa. Lakini likikosea kwa asilimia 2 tu ya jumbe halali, litakuwa limezuia 19. Jumla ya zilizozuiwa ni 64, na kati yake 19, karibu theluthi moja, ni za watu wema. Huenda mojawapo ni taarifa ya mgonjwa aliyelazwa, au ya mnunuzi anayesubiri jibu mpakani.

Kosa la kuachia tapeli humgharimu mtu fedha. Kosa la kumzuia mwema humgharimu fursa au taarifa, tena bila yeye kujua, kwani ujumbe usioonekana haulalamikiwi. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa simu janja anashauriwa kufungua mara kwa mara sehemu ya programu ya ujumbe inayohifadhi jumbe zilizotengwa, na kuzirudisha zile zilizotengwa kimakosa. Katika programu zinazojifunza kutokana na watumiaji, marekebisho hayo pia huwa mfano wa kulifundisha chujio.

Tapeli naye hujifunza

Chujio bora la mwaka jana laweza kuwa butu mwaka huu, kwa kuwa matapeli hulijaribu na kulikwepa. Mbinu zao zinajulikana. Huandika neno kwa herufi zilizochanganywa na tarakimu, kama “n4mba” badala ya “namba”. Huweka nukta au nafasi katikati ya neno. Hubadili kadi za simu kila zinapofungwa. Huongeza maneno ya kawaida ili kupunguza shaka, na wengine huacha kuandika wakapiga simu, wakijitambulisha kuwa watoa huduma kwa wateja.

Waundaji wa machujio nao hujibu. Kabla ya kuhesabu, programu hulirudisha neno lililoharibiwa katika umbo lake la kawaida. Mifano ya zamani hupunguziwa uzito, na mipya huongezwa. Kabla ya toleo jipya kutumika, hupimwa kwa jumbe ambazo halijawahi kuziona, kwa maana mwanafunzi anayepewa mtihani wenye maswali aliyokwisha kujibiwa darasani hajapimwa. Kazi hii haina siku ya kukamilika. Inafanana na palizi: shamba lililopaliliwa leo litahitaji kupaliliwa tena.

Suala la lugha

Chujio hujua lugha ya mifano liliyofundishwa. Lililofundishwa kwa Kiingereza peke yake haliwezi kuhisi lolote likisoma “jina litakuja”. Na lililofundishwa kwa jumbe za Dar es Salaam peke yake linaweza kukwama Ngara, ambako mtu huchanganya Kiswahili na Kihangaza au Kishubi, na ambako mfanyabiashara hupokea ujumbe wa Kirundi au Kinyarwanda wenye neno “amafaranga”, yaani fedha. Neno ambalo chujio halijawahi kuliona halina ushahidi wa kheri wala wa shari. Chujio la busara huliacha bila kulipa uzito. Lisilo na busara huhesabu ugeni wenyewe kuwa kosa.

Vivyo hivyo kwa namba za nje. Namba inayoanza na +257 ni ya Burundi, na inayoanza na +250 ni ya Rwanda. Mkazi wa mbali na mpaka anaweza kuzuia namba zote za kigeni asipate hasara yoyote. Mkazi wa Kabanga au Rusumo akifanya hivyo hujifungia soko lake mwenyewe. Tunachoshauri ni kuzihifadhi kwa majina namba za wateja na ndugu walio ng’ambo ya mpaka, ili ile isiyo na jina itazamwe kwa uangalifu.

Kwa hiyo jumbe zinazoripotiwa kutoka vijijini zina thamani ya pekee. Kadiri watumiaji wa Ngara na Biharamulo wanavyoripoti jumbe za utapeli wanazozipokea, ndivyo hila zinazowalenga watu wa huku zinavyoweza kutambuliwa na kuingizwa katika mifano. Wasiporipoti, machujio yataendelea kufundishwa kwa maisha ya watu wengine.

Je, kuchuja si kusoma siri za watu?

Swali hili ni la haki. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya namna taarifa za watu zinavyokusanywa na kutumika. Chujio halihitaji binadamu wa kusoma jumbe zako ili lifanye kazi; mashine huhesabu maneno na mwenendo. Lakini kabla ya kupakua programu yoyote inayodai kuzuia jumbe taka, soma inaomba ruhusa zipi. Programu inayotaka kusoma jumbe zako zote, orodha ya majina yako na mahali ulipo, huku haisemi taarifa hizo zinapelekwa wapi, yaweza kuwa hatari kuliko jumbe inazodai kuzizuia.

Simu za vitufe na chujio la mwisho

Wakazi wengi wa vijijini hutumia simu ndogo za vitufe, maarufu kama vitochi, ambazo hazina programu ya kuchuja. Hao hulindwa na uchujaji unaofanyika katika mitambo ya kampuni za simu, na zaidi ya hapo hulindwa na wao wenyewe. Tena hata mwenye simu janja anapaswa kufahamu kikomo cha mashine. Chujio linaweza kupima kama ujumbe unafanana na utapeli. Haliwezi kujua kama kweli unadaiwa, na nani, na kiasi gani. Jambo hilo unalijua wewe na mwenzako.

Hivyo basi, ukipokea ujumbe wa kukutaka utume fedha kwa namba mpya, usiujibu ujumbe huo wala usipige namba iliyoutuma. Mpigie mhusika kwa namba yake unayoijua tangu zamani. Kama hapatikani, subiri. Deni la kweli litakuwepo hata kesho asubuhi. Haraka ni silaha ya tapeli.

Hatua za kuchukua

Ukipokea ujumbe wa utapeli, toa taarifa kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo, ukionesha namba iliyotumika. Usiufute ujumbe kabla ya kuripoti, kwa kuwa ndio ushahidi.

Piga *106# kuhakiki namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019 ili kila namba iwe na mwenyewe, lakini usalama huo hupungua pale mtu anapotoa alama zake za vidole ovyo. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma husika uikane. Usimsajilie mtu mwingine laini kwa jina lako, hata kwa malipo.

Ukipigiwa na anayejiita mtoa huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida ya mtu binafsi, kata simu, kisha piga mwenyewe namba 100. Usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijua jina lako kamili.

Ikiwa umekwisha kutuma fedha, piga 100 mara moja uombe muamala uzuiwe, kisha toa taarifa kituo cha polisi. Dakika ni muhimu, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Usinyamaze kwa aibu: kutapeliwa si upumbavu, na ukimya wako humwacha tapeli amgeukie jirani.

Ukisumbuliwa na matangazo ya biashara usiyoyataka, anza kwa kumtaka mtoa huduma wako ayasitishe, nawe utunze kumbukumbu ya tarehe na jina la aliyekuhudumia. Usiporidhika na majibu, unayo haki ya kupeleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimamia maslahi ya watumiaji.

Kila taarifa ya kweli inayotumwa ni mfano mmoja zaidi wa kuboresha uchujaji, na kila ujumbe halali unaorudishwa mahali pake hulifundisha chujio lisimdhanie mwema vibaya. Tunawaomba wasomaji wawaeleze hatua hizi wazee na vijana wa kaya zao, hasa wasioweza kusoma makala haya wenyewe, na waziandike namba 15040, 100 na *106# mahali ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuziona.